Treni ya Pindoni Imechelewa

Sogeeni ndani, msibanane mlangoni. Benchi ni refu, aliyekaa pembeni ajibane kidogo, na mwenye bakuli alishike vizuri. Habari ninazowapa ni za Jamhuri ya Mashamsham. Msiniulize iko upande gani wa dunia, mimi si mtu wa ramani. Nijualo ni kwamba ukilitaja jina hilo mbele za watu, kila mmoja hukohoa na kuangalia pembeni, kama mtu aliyeulizwa habari za mjomba wake.

Mashamsham ni nchi yenye neema. Ina bendera ya rangi saba, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na tisa, na ina Wizara ya Reli na Matarajio. Kilichokuwa kimekosekana ni reli tu. Basi Bunge likakaa siku arobaini, likaamua reli ijengwe kutoka Bandari Kuu mpaka Pindoni, kijiji kilicho mwisho kabisa wa nchi, mahali ambapo hata sauti ya redio hufika imechoka. Ikaamuliwa iwe reli nyembamba, kwa kuwa nyembamba hupita popote na haili mashamba ya watu. Mbunge mmoja akasimama kuongeza kwamba isitoshe, wembamba unapendeza kwenye picha. Akapigiwa makofi.

Taifa rafiki la kwanza likaleta vyuma upande wa Bandari Kuu. Taifa rafiki la pili, lisikubali kupitwa kwa urafiki, likaleta vyuma upande wa Pindoni. Wakatandika kutoka pande zote mbili ili wakutane katikati. Wakakutana kweli, mahali panapoitwa Maili Themanini, mbele ya bendi ya jeshi na keki yenye umbo la behewa. Ndipo mpiga tarumbeta mmoja, maskini ya Mungu, mtu asiye na elimu yoyote ya uhandisi, akauliza mbona reli ya upande huu ni pana kuliko ya upande ule.

Walipopima, ilizidi kwa vidole vinne.

Keki ikaliwa. Bendi ikapiga beti zote kumi na tisa. Mpiga tarumbeta akahamishiwa kikosi kingine, na Tume ya Vidole Vinne ikaundwa ili kuchunguza. Kikao chake cha kwanza kiliahirishwa kwa sababu wajumbe hawakuafikiana vipimwe vidole vya nani. Mpaka ninapozungumza nanyi, tume hiyo inaendelea na kazi yake kwa amani na utulivu, na kichwa cha treni kiko Bandari Kuu, kinapakwa rangi kila mwaka.

*

Upande wa Pindoni lakini, kila kitu kilikuwa tayari. Reli ilikuwepo, ikitoka kijijini na kupotelea porini, na wenyeji wakaivumbulia kazi: muhogo ulioanikwa juu ya mataruma, yale magogo yanayobeba vyuma, hukauka upesi kuliko wa uani. Stesheni ilikuwepo, jengo la matofali mekundu lenye saa kubwa, jukwaa la saruji, dirisha la tikiti na chumba cha kungojea chenye mabenchi kumi na mawili. Masta wa stesheni naye alikuwepo. Jina lake Bwana Ngwali, mtu mrefu, mpole, mwenye mwandiko wa kupendeza. Serikali ilimpa kofia, filimbi, kengele, bendera mbili na kitabu kinene chekundu kiitwacho Kanuni za Reli, chenye vifungu mia tatu na kumi na viwili. Akaambiwa aanze kazi Jumatatu. Hakuna aliyemwambia asianze.

Na Bi Mwajabu alikuwepo. Huyu ndiye mwenye habari yake, basi tumweke mahali pazuri.

Mwajabu binti Kitwana alizaliwa nyuma ya soko la Bandari Kuu, katika chumba kimoja cha watu kumi na mmoja, na tangu hapo nyumba yenye kimya humwuma masikio. Mumewe alikuwa mtandika mataruma. Yeye alimfuata huyo mume kambi hadi kambi, akiwapikia vibarua, hata wakafika Pindoni. Mume akafariki kwa homa, vibarua wakatawanyika, reli ikasimama. Mwajabu akatazama huku na huku, akaona chumba cha kungojea kina mabenchi kumi na mawili matupu. Hakuweza kuvumilia. Siku ya tatu akaweka mafiga pembeni mwa jukwaa, akabandika sufuria ya supu ya makongoro, na harufu ikafanya yaliyobaki.

Bwana Ngwali akaja na kitabu chake chini ya kwapa. Kwa kuwa alikuwa rafiki wa marehemu, alimwita shemeji.

"Shemeji, Mungu anajua sina nia mbaya. Lakini kifungu cha kumi na tisa kinasema, chakula katika eneo la reli kitauzwa kwa abiria peke yake."

"Na abiria ni nani?"

"Ni mtu mwenye tikiti."

"Kinasema nini tena?"

"Kinasema, abiria anayengoja zaidi ya saa moja asinyimwe kitu cha moto."

"Basi shida iko wapi, shemeji? Si uwauzie tikiti?"

Na ikawa hivyo. Pindoni nzima, kila anayetaka supu hupita kwanza dirishani, akakata tikiti ya kwenda halti ya jirani, ikatobolewa kwa kifaa chake, ndipo akaketi. Mzee wa msikiti hukata tikiti. Mwalimu mkuu hukata tikiti. Polisi wa kijiji, ambaye kwa sheria husafiri bure, naye hukata, kwa sababu Bi Mwajabu alimwambia supu ya bure haina pilipili.

Kila siku saa nne na dakika kumi asubuhi, saa ya treni, Bwana Ngwali hutoka na kofia yake, hugonga kengele mara tatu, na abiria wote husimama kwa kifungu cha nane, mabakuli mkononi, nyuso zikielekea porini. Hakuna anayetafuna. Bwana Ngwali huweka kiganja juu ya macho na kutazama reli mpaka inapopotelea. Kisha huingia ndani na kufungua daftari lenye safu tatu zilizochapishwa na serikali: Imefika, Imeondoka, Imechelewa. Hutia alama kwenye safu ya tatu, hutoka, husema, "Imechelewa," na watu huketi kumalizia supu yao kabla haijapoa.

Kwa miaka kumi na mmoja.

Masika, mvua ikiwafungia watu stesheni, Bwana Ngwali huwasomea. Kitabu kilichopo ni kimoja, kile chekundu, basi husoma hicho, na akikimaliza huanza upya. Pindoni wamekihifadhi. Watoto wakigombania embe hutupiana kifungu cha mizigo isiyo na mwenyewe. Juzijuzi kuna mchumba alikataliwa kwa kifungu cha tisini, kinachokataza kupanda behewa lililokwisha kujaa, na wazee wakakubali kwamba binti alikuwa na hoja.

*

Yote hayo yangeendelea bila madhara kwa mtu, lau makao makuu wasingejua kujumlisha.

Mwisho wa kila mwaka vishina vya tikiti hupelekwa wizarani. Karani mmoja kijana, mgeni kazini, hajazoea bado, akavisoma. Akakuta stesheni yenye abiria wengi kuliko zote Mashamsham si Bandari Kuu, ni Pindoni. Tena haina ajali hata moja. Hakuna treni iliyoacha njia, hakuna ng'ombe aliyegongwa, hakuna abiria aliyelalamika kupelekwa sipo. Makaa yaliyotumika ni sifuri. Karani akaandika ripoti, ripoti ikapanda ngazi, na kila ilipopanda ikazidi kung'aa. Ilipofika mezani kwa Waziri ilikuwa na jalada la dhahabu. Waziri akaichukua akaenda nayo kwenye mkutano wa mawaziri wa reli wa dunia, akarudi na nishani shingoni.

Akaja Pindoni kushukuru. Alikuwa Mheshimiwa Tulizo Mabrumwa, mtu wa tumbo la heshima, aliyekuja na magari kumi na manne kwa sababu, kama alivyoeleza msaidizi wake, treni ilikuwa imechelewa.

"Ndugu wananchi na abiria wenzangu!" alianza, amesimama jukwaani, nishani ikibembea. "Nchi nyingine zina treni zinazofika. Zikifika, basi, mambo yamekwisha, watu wanashuka wanakwenda zao. Sisi tuna treni inayotarajiwa! Na matarajio, ndugu zangu, hayali makaa, hayapasuki gurudumu, wala hayahitaji dereva!"

Makofi.

"Wapo wabaya wetu wanaosema treni haipo. Nami nawauliza, kitu kisichokuwepo kinawezaje kuchelewa?"

Hapo hata mimi ningepiga makofi. Wiki hiyohiyo ikapitishwa sheria: atakayetamka kwamba treni haipo atakuwa na kosa la kuivunja moyo reli, na adhabu yake ni miezi sita.

Baada ya hotuba Waziri akaletewa supu. Kwanza alikata tikiti, akapigwa picha akiikata. Akanywa bakuli la kwanza kimyakimya. La pili akalinywa amefumba macho. Alipoyafumbua akatazama mabenchi, watu wamejaa mpaka madirishani, vicheko, watoto, kuku wawili, kinyozi kwenye kona na kiti chake.

"Mbona abiria wangu wamebanana namna hii?"

"Wamefuata supu, mheshimiwa," akasema msaidizi.

"Kumbe tatizo ni supu." Waziri akafuta mdomo kwa leso. "Watu wanaosafiri kwa wingi kiasi hiki wanastahili nafasi ya kupumua. Mgahawa huu uondolewe. Hapa patajengwa Ukumbi wa Wageni Mashuhuri Wanaongoja. Viti sita, zulia, na ukimya."

Bi Mwajabu alikuwa amesimama na upawa mkononi. Neno la mwisho ndilo lililompata. Alijisikia kama amemwagiwa maji.

"Mheshimiwa," akasema, "na hilo bakuli la tatu je?"

"Nifungie, mama. Nitakunywa njiani."

*

Siku kumi na nne, ndizo alizopewa.

Shoga yake Somoe, mwuza dagaa, aliyekalia benchi la kwanza miaka yote kumi na mmoja bila kumaliza habari moja kabla ya kuanza nyingine, alikuja akamkuta anamenya vitunguu saumu asivyovihitaji.

"Usilie, shoga."

"Silii. Ni vitunguu."

"Saumu haimlizi mtu, Mwajabu. Sikiliza, nitakupa banda langu kule nyuma ya ghala. Weka mafiga yako, upike."

"Nani atakuja kule nyuma ya ghala?"

"Mimi."

"Wewe mmoja utanijazia masikio, Somoe. Hutanijazia benchi."

Akaacha kisu. "Wewe unarudi kwako kuna wajukuu saba wanakuparamia. Mimi nikitoka hapa narudi wapi? Mume wangu yuko chini ya mkorosho ule. Watoto Mungu hakunipa. Hawa wanaokula hapa ndio watu wangu. Wakinitawanyia hawa, nitapika supu ya mtu mmoja. Umewahi kuona supu ya makongoro ya mtu mmoja? Haiivi hata kuiva."

Somoe akaokota kisu, akaanza kumenya vitunguu naye.

Alasiri hiyo Bi Mwajabu akamfuata Bwana Ngwali ofisini, akajishika kiunoni.

"Shemeji, leo andika ukweli. Andika treni haipo. Waziri wako aone hakuna abiria wa kuwapisha, aniache."

Bwana Ngwali akavua kofia. Watu hawakuwahi kumwona bila kofia. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani Mwajabu. Akafungua daftari, akaligeuza kumwelekea.

"Nioneshe pa kuandika."

Mwajabu akatazama. Safu tatu.

"Tena nikiandika pembeni," Bwana Ngwali akaendelea polepole, "treni hakuna, abiria hakuna. Abiria hakuna, stesheni hakuna. Mimi nitakuwa kwetu napalilia mtama. Na wewe supu utamwuzia nani humu, kwa kifungu gani? Achilia mbali ile miezi sita."

Mwajabu akaketi kwenye mzani wa mizigo, pale mlangoni mwa chumba cha kungojea. Mshale ukapanda, hakuujali. Treni ikiwepo, anaondolewa. Isipokuwepo, anaondoka. Alifikiri jambo hilo kutoka pande zote mbili, na katikati halikukutana, kama reli yenyewe.

Mvua ikaanza kupiga bati. Watu wakakimbilia ndani, wakaketi, lakini hakuna aliyecheka. Kinyozi akasema leo tusisome, hapana moyo.

"Soma, shemeji," akasema Bi Mwajabu kutoka kwenye mzani. "Bora kelele yoyote."

Walikuwa wamefika kifungu cha mia mbili na tano. Bwana Ngwali akavaa kofia na miwani, akasoma kwa sauti yake ileile ya kulaza watoto. Mia mbili na sita, na saba, habari za taa na vidirisha. Alipofika mia mbili na kumi na moja, akakisoma. Akakisoma tena, polepole. Akafuta miwani, akakisoma mara ya tatu, macho kwenye ukurasa, bila kumtazama mtu.

"Mbona unarudia?" akauliza polisi wa kijiji.

"Maandishi madogo," akasema Bwana Ngwali.

Kilisema nini, mtakisikia. Aliyekihitaji alikuwa amekwisha kukisikia, na ameshuka kwenye mzani.

"Somoe," akasema Bi Mwajabu, "wewe una kamba za kufungia magunia, sivyo?"

*

Siku ya kumi na nne likaja lori na wapagazi wanane, na mbele pamoja na dereva alikaa Bwana Pazi, Afisa Mwondoaji Daraja la Pili. Kijana nadhifu, suti ya kijivu, kalamu tatu mfukoni, na fomu ya rangi ya waridi yenye nakala tatu. Alikuwa amejiandaa kwa mayowe, watu kulala chini, akina mama kuvua vilemba. Kazi yake ilikuwa imemzoesha hayo.

Akakuta jukwaa limefagiwa. Mabakuli mengi yamefungwa kwenye maturubali, meza zimefungwa kwa kamba nne nne, kila furushi lina kibandiko kwa mwandiko wa kupendeza: *Mali ya Mwajabu Kitwana, Abiria.* Yeye mwenyewe ameketi juu ya furushi kubwa kuliko yote, kavaa kanga mpya, mkoba magotini.

"Mama!" akasema Bwana Pazi, karibu atokwe na machozi. "Miaka sita niko kazini, sijaona mwananchi mwelewa kama wewe."

"Ahsante, mwanangu. Treni yetu saa ngapi?"

"Treni gani?"

Mabenchi yote kumi na mawili yakageuka.

"Lori lipo, mama," akasema Bwana Pazi. "Vijana, pakieni!"

"Kifungu cha mia mbili na kumi na moja!" akapaza sauti Somoe.

Na Pindoni nzima, wazee kwa watoto, kinyozi na wembe wake, kwa sauti moja kama watu walio msikitini: "Mali ya mtu anayeondolewa katika eneo la reli itasafirishwa kwa treni, bila malipo, na kwa treni peke yake! Afisa mwondoaji hatabanduka jukwaani mpaka upakiaji umalizike na dereva wa treni atie sahihi! Chombo kingine kisitumike, isipokuwa kwa barua ya Wizara inayothibitisha kwamba treni haipo!"

Wapagazi wakaweka chini furushi walilokuwa wameliinua, taratibu, kama yai.

Bwana Pazi akamgeukia masta wa stesheni. Bwana Ngwali akampa kitabu, kimefunguliwa palepale. Pazi akasoma, jasho likamtoka chini ya kalamu tatu.

"Lakini mama yangu," akasema kwa sauti ya chini, "wewe unajua, mimi najua, hii treni yenyewe..."

Akasita. Kila mtu akainama mbele kidogo ili asikie vizuri. Kwenye benchi la tatu, polisi wa kijiji akaweka kijiko chini, akachukua daftari lake.

"Treni yenyewe nini, baba?" akauliza Bi Mwajabu, sauti tamu kama uji wa mgonjwa.

Pazi akamtazama polisi. Akaitazama reli, na muhogo juu yake.

"Treni yenyewe... nzuri," akasema.

"Nzuri sana!" wakaitikia watu.

Lori likarudishwa, kwa kuwa halikuwa na ruhusa ya kuegeshwa eneo la reli zaidi ya dakika ishirini. Wapagazi wanane wakaomba kubaki kidogo. Bwana Pazi akaketi kwenye ukingo wa jukwaa, fomu magotini, akakaa saa moja, kisha ya pili. Pua yake ikaanza kugeuka yenyewe.

"Mama, na ile sufuria kubwa mbona haijafungwa?"

"Ah, ile? Kifungu cha kumi na tisa, mwanangu. Watu wanangoja zaidi ya saa moja, wasinyimwe kitu cha moto. Ikija treni nitaifunga ya mwisho."

"Basi nipatie bakuli moja."

"Wewe si abiria," akasema Bi Mwajabu kwa huruma. "Dirisha lile pale."

*

Bwana Pazi aliandika wizarani siku hiyohiyo, kuomba ile barua ya kuthibitisha. Barua yake ilipokelewa na katibu, akaipeleka kwa mwanasheria, mwanasheria akaisoma amesimama kisha akaketi. Yule atakayeitia sahihi atakuwa amekiuka sheria ya kuivunja moyo reli, tena kwa maandishi, tena nishani ya Mheshimiwa ikiwa bado shingoni. Ikazunguka meza ishirini na moja. Jibu likaja baada ya miezi minane, mstari mmoja wenye mihuri mitano: *Treni ipo. Imechelewa. Endelea kusimamia upakiaji.*

Pamoja nalo ilikuja barua ya kumpandisha cheo. Sasa ni Afisa Mwandamizi wa Upakiaji Unaoendelea.

Suti yake ya kijivu haifungi tena vifungo. Ana nafasi yake kwenye benchi la pili, na mgeni akiikalia humwambia, "Samahani bwana, hapo ni ofisini." Mkewe alikuja kutoka Bandari Kuu kuuliza mume gani huyu asiyerudi, akiwa amejifunga kibwebwe kwa ugomvi. Bi Mwajabu akamkatia tikiti yeye mwenyewe. Sasa wana chumba karibu na ghala, na yule mama hukaanga vitumbua pembeni mwa mafiga, vinakwenda vizuri sana na supu.

Mafurushi yako palepale jukwaani, yamefungwa, vibandiko vyake vimepauka. Yamefaa sana. Watu wamezidi, mabenchi hayatoshi, na furushi la maturubali ni laini kukalia kuliko mbao. Badala ya mabakuli yaliyofungwa ilibidi yanunuliwe mengine. Ule ukumbi wa viti sita haujaanza, kwa kuwa eneo bado halijakabidhiwa.

Juzi lakini msafiri mmoja alileta habari. Alisema Tume ya Vidole Vinne imepiga hatua. Wajumbe wamekubaliana viwe vidole viwili kwa sasa, na viwili vilivyobaki vijadiliwe baadaye. Watu wakacheka mpaka supu ikawapalia. Bi Mwajabu alicheka pia, ila alikwenda uani akakaa huko kitambo.

Asubuhi iliyofuata, saa nne na dakika kumi, Bwana Ngwali akagonga kengele mara tatu. Watu wote wakasimama na mabakuli yao, Somoe, kinyozi, polisi, Bwana Pazi na mkewe, wapagazi wanane. Bi Mwajabu akasimama mbele ya wote, pale ukingoni mwa jukwaa, upawa kaukumbatia kifuani. Alitazama porini asipepese, midomo ikimchezacheza. Mashamsham nzima wanaomba treni ifike, angalau hadharani. Yeye peke yake alikuwa akiomba vingine.

Bwana Ngwali aliweka kiganja juu ya macho. Siku hiyo alitazama muda mrefu kuliko kawaida, au pengine ni mimi ninayeona hivyo. Akaingia ndani. Wakasikia kalamu ikikwaruza karatasi. Akatoka.

"Imechelewa," akasema, na ungeapa kwamba alikuwa akizungumza na mtu mmoja tu.

Bi Mwajabu akashusha pumzi, akajipangusa uso kwa ncha ya kanga, akageuka.

"Haya, mnasimama nini kama milingoti?" akafoka. "Kaeni, supu inapoa! Na wewe Pazi mwanangu, hebu msogezee mwenzio, mgeni huyo mlangoni hajapata pa kukaa."